Ngome za Mwanangu

...na moto nao leo umeamua kunitesa, ubluu kidogo tu unaolamba kitako cha birika kama paka anayelamba sahani iliyokwisha kuoshwa, mtungi unakaribia kuisha na mimi nimesahau, vitambaa vya makochi nimekumbuka, vumbi juu ya kabati nimekumbuka, huko ambako hakuna mgeni atakayetazama labda awe twiga, gesi ndiyo nimesahau, na wageni wenyewe hawa ndio wazazi wa binti, mchumba wa mwanangu, wamekuja naye kuiona nyumba ambamo mtoto wao ataolewa, wamekaa pale sebuleni magoti pamoja kama watu walio kwa daktari, na mwanangu anawasimulia, namsikia kupitia upenyo wa mlango, sauti yake ile ya taratibu isiyopanda wala kushuka, "Ukuta wenyewe, baba, haukuvunjwa kwa mzinga hata mmoja," anasema, na baba wa binti, aliyeendesha malori maisha yake yote na sasa amestaafu, anasema "Ee! Kumbe!" kama mtu anayeonyeshwa injini mpya, na mimi kwa kawaida hapa ningetabasamu, ningesema moyoni huyo ndiye Profesa wangu, mtaa mzima unamwita Profesa tangu kaptura hazijamtosha, lakini sitabasamu, nimeshika simu, miwani imening'inia shingoni na sijaivaa bado, kwa sababu nilipoinuka kuja kuchemsha chai mama wa binti aliinama kana kwamba anaokota mkoba wake, akaninong'oneza, "Mama mwenzangu, nimekutumia kitu kwenye simu. Kisome ukiwa jikoni. Halafu nitakuuliza swali moja tu," na mkono wake ulikuwa juu ya mkono wangu, mkono mkavu wa muuguzi, uliooshwa na dawa miaka mingi, na haukutetemeka, ndiyo maana nimeogopa, mtu akikupa habari mbaya huku anatetemeka unajua anaweza kuwa amekosea...

Haya, vaa miwani, mwanamke, birika lina safari ndefu... nini hiki, picha za ukurasa wake, ukurasa wa Profesa, sasa huu si ndio ukurasa ninaoufahamu, nani asiyeufahamu, wafuasi wake wangejaza uwanja wa mpira, watu wananisimamisha sokoni, wewe si mama yake yule anayeandika mambo ya kale, nami najibu ndiye mimi, kichwa juu kama nimeandika mwenyewe, na kila anachoweka nakibandikia kopa jekundu, sisomi chote, macho haya ya kutunga uzi hayataki tena herufi ndogo, lakini kopa naweka, mama asipoweka nani aweke... na juu ya picha hizi huyu mama ameandika maneno machache tu, "Kazini kwangu nawasoma wagonjwa wasioweza kusema. Mwanangu siku hizi hasemi. Nisaidie kumsoma mwanao." Kumsoma mwanangu! Nimsome nini, nilimbeba tumboni, nilimfunga kitovu, kikohozi chake nakijua kati ya vikohozi mia... soma lakini, umeambiwa soma, ya kwanza hii, picha ya ngome, jiwe jeusi na majani yameota kwenye nyufa, na chini yake ameandika, "Watu hudhani mji hutekwa kwa nguvu. Hapana. Mtekaji hodari hagusi ukuta. Anachunguza visima viko wapi, nani anaingiza unga, nani anapeleka habari. Anaziba kimoja kimoja. Halafu anakaa kitako na kusubiri. Mvumilivu hula mbivu." Basi, historia si ndivyo ilivyo, watu wa zamani walikuwa hivyo, wangeandikwaje vingine, na watu wamefurahi, makopa hayahesabiki, na langu limo, naliona jina langu hapa, "Mama Profesa"... hagusi ukuta... hagusi... neno hilo nimewahi kulisikia wapi...

"Sikumgusa, mama." Ndiyo. Alikuwa kwenye kaptura ile ya kahawia niliyoishona kutokana na suruali ya baba yake, amesimama nje ya mlango wa stoo, mikono nyuma, na ndani ya stoo alikuwa mdogo wake, msichana, sauti imekwisha, hakuwa analia tena, alikuwa anakwaruza, kama panya, nilitoka kupeleka nguo za mteja nikarudi nikadhani kweli ni panya, na yeye akaniambia bila hofu, "Tunacheza mji na jeshi, mama. Yeye ni mji. Nilimwambia akisema nimeshindwa namfungulia. Hakutaka kusema. Sikumgusa," na nilipofungua mlango mtoto yule alikuwa amelowa, midomo imepauka, hata jina lake hakuitika, nikamkung'uta yule mkubwa kwa kandambili mpaka baba yao akanishika mkono, akasema mama watoto utaua, ni mchezo wa kitabuni huo, na kilichonikaa si kwamba hakulia, wapo watoto wagumu wasiolia, ni vile alivyokuwa ananitazama wakati nampiga, kichwa upande, kama mtu anayesoma kibao cha njia ili ajue kesho apite wapi... lakini si alikua, si alibadilika, alifuta ubao, alipokea vyeti, alipima ardhi za watu na hakuna aliyelalamika, mdogo wake ndiye aliyehama akaenda mbali, ana mume na watoto, huwa ananipigia simu na swali lake la kwanza daima ni lile lile, "Yupo?" na nikisema yupo anasema haya mama nitapiga baadaye, nami nikajiambia ni wivu wa ndugu, kuku wa tumbo moja hawakosi kudonoana...

"Na ndani walikuwa na chakula?" anauliza dereva kule, "Mwanzoni walikuwa nacho, baba," mwanangu anajibu, "mwanzoni kila mtu anacho," na dereva anacheka, anapiga goti, anapenda hadithi masikini, aliishi barabarani peke yake na redio, na binti je, mbona simsikii, tangu waingie nimemsikia mara moja, "Shikamoo mama," basi, nilimuuliza mwanangu sukari niweke kiasi gani, yaani nilimuuliza binti, yeye nilimtazama usoni nikamwambia "Mwanangu, sukari je?" na yeye akageuza macho kwa mwanangu, si kwa mapenzi, nimewahi kuona macho ya mapenzi, aligeuza kama mtu anayeangalia taa za barabarani kabla hajavuka, na mwanangu akanijibu mimi, "Ameacha sukari, mama," na mama yake, yule muuguzi, akaangalia vidole vyake...

Picha ya pili, magofu tena, lakini hapa yumo binti, katikati kabisa, kofia kubwa ya majani, anacheka mpaka ufizi unaonekana, na mwanangu ameandika "Malkia wa magofu," na binti ameandika chini, "Malkia ana njaa, mfalme hajabeba hata biskuti!" na watu wamecheka, visura vya kucheka vimejaa, na mimi hapa mwenyewe nimetaka kucheka, huyu ndiye binti aliyenivutia siku ya kwanza, alifundisha watoto wa chekechea, aliingia humu ndani akaigiza watoto wake wanavyosema uongo nikacheka mpaka nikashika cherehani nisianguke... na chini ya utani wake mwanangu amejibu neno moja. "Tutazungumza." Na nukta. Wengine hawaioni nukta hiyo, ni nukta tu, kama kinyesi cha nzi, lakini mimi naijua, mimi nimeisikia hapa ndani ya nyumba hii, ukimwambia jambo mbele ya watu lisilompendeza hakasiriki, hata kidogo, anasema tutazungumza, halafu hazungumzi, siku ya kwanza hazungumzi, ya pili hazungumzi, anakupisha mlangoni kwa adabu, anakuwekea maji ya kuoga, ila neno hakupi, mpaka wewe mwenyewe unaanza kutafuta umekosa nini, unaomba radhi kwa jambo usilolijua, ndipo anakwambia "Yamekwisha, mama," na unashukuru, Mungu wangu, unashukuru kweli kweli... Picha ya tatu, ngome nyingine, binti yuko pembeni, nusu yake imekatwa, kofia hana. Ya nne, ni mkono wake tu, ameshika mwisho wa futi kwenye jiwe ili mwanangu aonyeshe unene wa ukuta, kucha hazina rangi tena, na maneno, "Msaidizi wangu." Ya tano... yuko wapi, hayumo, ngoja nikuze... kivuli, kwenye majani, kivuli cha mtu aliyesimama nyuma ya mpiga picha mikono ikiwa imefungwa kifuani kama anasikia baridi, na jua linawaka, na ameandika habari ya ubora wa mji wenye lango moja, "Malango mengi ni uzembe. Mji wenye lango moja unajulikana nani ameingia na nani ametoka."

Chemka basi, wewe birika, chemka niwe na kazi ya kufanya...

Lakini subiri, usiwe mwepesi wa kuhukumu, mtu huwezi kumjua kwa picha na maneno ya mtandaoni, watu huandika nini huko, kila mtu ni tajiri huko, kila mtu ni mcha Mungu, na mtu anayependa vita vya zamani si lazima awe mtu wa vita, mchinjaji wetu pale kona anapenda maua, na huyu mama ni mama, mama yeyote anayemtoa binti yake huona simba kila kichaka, mimi mwenyewe nilipomtoa wangu... hapana, wangu hakutolewa, wangu alitoroka, acha hilo... na wema wake je, mbona hauandikwi huko, nani alimuuguza marehemu baba yake, nani alimgeuza kitandani asipate vidonda, alimnyoa, alimlisha uji kwa kijiko kidogo, alimsomea kurasa na kurasa, wanawake wa mtaa walikuwa wanasema ukizaa mmoja kama huyu inatosha, na nilivimba, nilikubali, nikarudi kwenye cherehani nikiwa na amani kwa sababu Profesa yuko na baba yake... "Anachunguza visima viko wapi"... akasema redio inamchosha mgonjwa, ikaondolewa. Kinyozi, rafiki yake wa tangu ujana, alikuwa anakuja kila jioni wanasemana vibaya wazee wale wawili na kucheka mpaka kukohoa, akaambiwa getini mzee amelala, akaja tena akaambiwa amelala, akaacha. Dirisha la upande wa barabara likafungwa, vumbi. Mjomba akaambiwa daktari amekataza wageni, na mimi nikamuuliza daktari gani, akasema "Mama, wewe pumzika tu," na mume wangu siku moja nimempelekea maji akanishika kanga, sauti imebaki kama ya karatasi, akasema, "Mama watoto, mbona kimya hivi? Watu wameenda wapi? Nimewakosea nini?" nikamwambia watu wana shughuli, mume wangu, watakuja... na mwanangu alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni ya kitanda, simu mkononi, kichwa upande, anamtazama baba yake... Anamtazama. Nilidhani ni huzuni. Na hapa, huyu muuguzi ameichimbua wapi hii, tarehe yake ni ya wiki zile zile, "Mfalme mzee ndani ya ngome iliyofungwa haombi chakula kwanza. Jambo la kwanza analoomba ni sauti. Jambo hili wanahistoria wengi hawalijui." Hawalijui! Yeye alilijua. Alilijua vipi, kitabu gani, aliliona kitandani kwa baba yake, aliliona akaliandika, watu wakamsifu, na kopa langu... lipo, wapi litakosa kuwapo, nililibandika huenda nikiwa pale pale kwenye korido na beseni la maji mkononi...

"Mama, mambo vipi huko? Chai inatoka kiwandani?" Mwanangu ananiita, wageni wanacheka, dereva anacheka zaidi ya wote, "Inakuja, mwanangu!" nimejibu, sauti imetoka nzuri, imetoka kama ya kila siku, ajabu ya sauti, mwili mzima unaweza kuwa unaungua na sauti ikatoka imepigwa pasi...

Endelea. Mwalimu mstaafu fulani alimsahihisha, kistaarabu tu, ndugu yangu, nadhani ukuta huo ulijengwa na watu wengine, na mwanangu akashukuru, "Asante sana mwalimu, nimejifunza," ndivyo nilivyomlea, asante na samahani, halafu huyu mama amepanga picha moja baada ya nyingine, wiki baada ya wiki, mwanangu ameingia kwenye ukurasa wa mzee yule akachimbua kila kosa la miaka yote, herufi iliyorukwa, mwaka uliokosewa, picha isiyo ya mahali panaposemwa, akaviweka kwake hadharani, kimoja kimoja, na juu ya kila kimoja ameandika "Mwalimu anasema," bila tusi, tusi hata moja, na wafuasi wakaenda kumcheka mzee wa watu mlangoni kwake, mpaka mwalimu akafunga ukurasa, na siku hiyo mwanangu akaweka picha ya lango lililoanguka na maneno, "Nyumba ya mwalimu imenyamaza." Kimoja kimoja. Na mwanamke mmoja, rafiki wa binti, wa kule chekechea nadhani, ameandika chini ya ngome fulani isiyohusika, maana hakuwa na mahali pengine pa kuuliza, "Shemeji, mwenzetu yuko wapi? Simu yake haipatikani, kazini wanasema ameacha bila kuaga, watoto wanamlilia," na mwanangu akamjibu, "Mji uliozingirwa haupokei wageni," na kisura cha kucheka, na watu wakacheka, Profesa bwana, Profesa hana mpinzani, wamecheka wote, wamecheka watu wazima wenye mama zao...

Mimi aliniambia binti ameacha kazi kwa sababu watoto wanamchosha. Anapumzika. Neno lile lile, pumzika.

Imebaki moja. Sitaki. Naona pembe ya picha na nimeshaijua, hii ni mikono yangu, mikono yangu juu ya cherehani, mishipa imetokeza, kidole cha shahada kina kovu la sindano, aliipiga siku yangu ya kuzaliwa, nililia kwa furaha siku ile, niliipeleka kwenye kikundi cha akina mama nikawaambia someni wenyewe mwanangu alivyoniandikia, na wao wakasoma, wakanitumia maua, mimi sikuisoma, niliona jina langu na neno ngome na neno mama nikatosheka, sasa soma, soma, umevaa miwani, "Falme kubwa hazikulindwa na kuta. Nyuma ya kila mtawala aliyedumu alikuwapo mwanamke mmoja aliyeona kila kitu na hakusema. Hakuna ngome imara kuliko mama asiyeuliza. Heri ya kuzaliwa, mama."

Asiyeuliza.

Ameniandika. Ameniandika mbele ya uwanja mzima wa watu na mimi nikapiga makofi... anajua. Siku zote nilidhani hajui kwamba najua, na mimi nilidhani sijui, tumeishi hivyo, sahani zinapita katikati yetu, mama chukua, mwanangu asante, na yeye alikuwa ameshanipima, kama anavyopima viwanja vya watu, hapa kuna jiwe, hapa kuna mti, hapa kuna mama, hauliz... na wateja wangu? Hebu. Mbona nimewaza wateja. Yule mama wa nguo za kwaya hakuja tena, dada wa pale ofisi za maji hakuja tena, nikasema ni macho yangu, wamesikia naona vibaya, lakini wamesikia kwa nani, nani huwa anafungua geti, nani alinichukulia simu akasema nikupangie vizuri, mama, majina ya watu yamekaa ovyo, na tangu siku ile ni nani hasa anayenipigia, binti yangu simu zake zimekuwa chache, nikasema ana watoto wadogo... Niliambiwa nipumzike. Ninapumzika. Tangu lini nyumba hii haijasikia hodi, kabla ya leo, na leo ni hawa, na hawa nao wameingia kwa sababu amewafungulia yeye...

Kifua. Shika sinki. Hivyo.

Basi atakuja kuniuliza. Swali moja tu, alisema, na nalijua, si swali gumu, hata mjinga analijua, kijana wako ni mtu wa namna gani, na jibu lipo tayari, lilikuwa tayari tangu jana, nililifanyia mazoezi nikipiga pasi vitambaa, ni mpole, hanywi, hatukani, hajawahi kuinua mkono juu ya mtu, na kila neno lake ni kweli, hilo ndilo la kutisha, naweza kuapa mbele ya yeyote, hajawahi kumgusa mtu... na nikisema vinginevyo mimi nitakuwa nani, mama gani anamvunjia mwanawe posa jikoni, mchawi aliyekosa wa kumla akala wake mwenyewe, watasema amechanganyikiwa, uzee, upweke, na yeye hatapaza sauti, atanisindikiza chumbani, atafunga dirisha la upande wa barabara, atasema mama pumzika, na kinyozi atakuja hodi ataambiwa amelala, ooh, kinyozi alishakufa, hata kinyozi sina... atanifungia kisima kimoja kimoja nami nitashika kanga ya nani, nitamuuliza nani watu wameenda wapi... damu nzito kuliko maji, ndiyo, ni nzito, lakini mbona ile damu nyingine iliyo mbali, inayouliza "Yupo?" kabla ya shikamoo, mbona sikuona kwamba nayo ni damu, na yule mtoto wa watu pale kwenye kochi, anayeomba ruhusa ya kijiko cha sukari, amebeba damu gani yeye, maji ya bomba?

Alicheka mpaka ufizi. Kwenye picha ya pili. Nimerudi kuitazama, sijui kwa nini, kidole kimerudi chenyewe.

Kule sebuleni dereva anasema, "Sasa mwanangu, mji kama huo, si wangetoka tu? Wafungue lango, watoke!" na mwanangu anajibu kwa upole wake, kwa subira ya mtu anayemfunga mtoto kamba za viatu, "Watoke waende wapi, baba? Wakati ule walikuwa wameshazoea," na hakuna aliyecheka safari hii, hata dereva, nimesikia kiti chake kikilia chini yake kama mtu aliyejiweka sawa kusikiliza vizuri, halafu nimesikia sauti ndogo, ya binti, ya kwanza tangu shikamoo, sikuyapata maneno, na mwanangu akasema, "Tutazungumza."

Na nukta yake. Nimeisikia na ukuta upo katikati yetu.

"Mama mwenzangu!" nimeita, sikujua kama naita, mdomo umefunguka wenyewe, "Mama mwenzangu, njoo mara moja jikoni!" na sauti safari hii haikutoka ikiwa imepigwa pasi, imetoka na makunyanzi yake yote, na namsikia muuguzi anasema "Nakuja," na namsikia mwanangu, haraka, lakini bila haraka, "Kaa tu, mama, wewe ni mgeni, nakwenda mimi," na hatua zake, nazijua, kisigino cha kulia kinagusa kwanza, korido fupi hii aliyotambaa akiwa mtoto, na simu iko mkononi mwangu na mikono yangu mwenyewe inang'aa kwenye kioo, naweza kuizima, naweza kuitia mfukoni mwa gauni, mfuko niliushona mwenyewe mkubwa makusudi, siizimi, siitii, na mlango umesukumwa na amesimama pale, shati jeupe, safi, mzuri jamani, mwanangu ni mzuri, ametazama moto, akatazama birika ambalo hata mvuke halijatoa, akatazama mkono wangu, akaweka kichwa upande.

"Unasoma nini, mama?"

"Nakusoma wewe."

Nami nimemwona, kwa mara ya kwanza tangu stoo ile, anatafuta kibao cha njia na hakioni, na sikumngoja akipate, nimeinua uso juu ya bega lake, juu ya shati lile nililolipiga pasi asubuhi, nimeita tena, kwa nguvu mpaka vikombe kwenye sinia vimegusana, "Mama mwenzangu, si mwanangu niliyemwita! Nimeshasoma! Njoo uniulize!"

Na kule sebuleni kiti kimeburuzwa sakafuni, halafu, baada ya kidogo, kingine.